Festo Kivengere: Mkalimani aliyetaka kupatana kabla ya kunena

KILA Jumapili asubuhi, katika vichochoro vya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, huonekana watu wawili wamesimama bega kwa bega mbele ya kipaza sauti. Mmoja huhubiri kwa Kiingereza, na mwenzake huyapokea maneno hayo na kuyageuza kuwa Kiswahili, pengine kwa ari kubwa kuliko ya mwenye mahubiri. Ibada ikiisha, mgeni hupewa mikono na kuandaliwa chakula. Mkalimani hufunga Biblia yake akaondoka, na ni wachache wanaouliza jina lake.

Yuko mkalimani mmoja, hata hivyo, ambaye Afrika Mashariki haikumsahau. Mwaka 1960, mhubiri mashuhuri wa Marekani, Billy Graham, alipozuru bara hili na kufika Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, aliyesimama ubavuni pake na kuyafikisha maneno yake kwa maelfu ya wasikilizaji kwa lugha ya Kiswahili alikuwa mwalimu kutoka Uganda, Festo Kivengere. Baadaye mwalimu huyo alikuwa kasisi, kisha askofu, mwandishi wa vitabu na msemaji aliyealikwa kila pembe ya dunia. Alifariki dunia hapa Nairobi tarehe 18 Mei 1988.

Maisha yake yanafaa kusimuliwa upya mjini humu, hasa katika mitaa ambayo imewahi kushuhudia majirani wakigeukiana. Kivengere hakukumbukwa kwa ufasaha wake peke yake. Alikumbukwa kwa sababu alishikilia kanuni moja ngumu: kwamba mtu aliye na kinyongo moyoni hana budi kwenda kupatana kwanza, ndipo apande jukwaani. Kanuni hiyo ilianzia mambo madogo ya nyumbani na hatimaye ikamfikisha mbele ya jina ambalo Waganda wengi hawakuweza kulitamka bila kutetemeka, jina la Idi Amin.

MCHUNGAJI WA NG'OMBE

Kivengere alizaliwa mwaka 1919 katika eneo la Rukungiri, kusini magharibi mwa Uganda, katika wilaya iliyoitwa Kigezi wakati huo. Alitoka katika jamii ya Wahororo, wafugaji ambao ng'ombe kwao alikuwa mali, mahari na heshima, na ambao maziwa yalikuwa chakula cha kwanza cha nyumbani. Babu yake, Makobore, alikuwa mtawala wa mwisho wa ufalme mdogo wa Rujumbura. Mtoto huyu, basi, alikuwa na damu ya kifalme, lakini utoto wake aliupitisha kama watoto wengine wa wafugaji, akifuata mifugo malishoni.

Ni huko malishoni alikoanza kusoma. Wamishonari na wainjilisti wa Kiafrika walikuwa wameingia Kigezi na vijitabu vya Injili, na kijana Festo alipokipata kimoja alizoea kukisoma ng'ombe wakiwa wanakula majani. Kutoka hapo alipelekwa shule ya misheni, akapanda hadi Chuo cha Askofu Tucker kilichoko Mukono, karibu na Kampala, ambako alifundishwa ualimu. Alirejea kwao akiwa msomi, amevaa viatu na kuheshimiwa, na papo hapo akiwa ameipa imani kisogo. Alikunywa pombe, na mambo ya kanisa aliyaona kuwa ya watoto na wazee.

Wakati huo Kigezi ilikuwa inawaka moto wa aina yake. Harakati ya uamsho iliyoanzia Gahini, nchini Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, ilikuwa imevuka mpaka na kuingia Uganda. Wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Walikuwa wakisimama hadharani na kuungama makosa yao, wakirudisha vitu walivyoiba, wakilipa madeni ya zamani na kuombana radhi. Wengi waliwaona kuwa wendawazimu. Mwalimu Festo alikuwa mmoja wa waliokereka.

Kilichomgeuza mwaka 1941 kilikuja kwa njia ya watu wa karibu. Msichana wa ukoo wake alisimama kanisani na kutangaza mbele ya watu kwamba aliahidiwa na Mungu kuwa mwalimu huyo angerudi. Festo alitoka akiwa amefura, akaenda kulewa. Jioni, akiwa njiani kurudi nyumbani, alikutana na rafiki yake wa siku nyingi, mwalimu mwenzake, akija mbio juu ya baiskeli. Rafiki huyo alimweleza kwamba saa chache zilizopita maisha yake yalikuwa yamebadilika, akamwomba msamaha kwa mambo waliyozoea kuyafanya pamoja, kisha akapanda baiskeli yake akaenda zake. Kivengere alibaki barabarani amepigwa na bumbuwazi. Usiku huo alipiga magoti chumbani mwake, na hakuwa tena mtu yule yule.

BAISKELI NA MZUNGU

Mtihani wa kwanza haukukawia. Kulikuwa na Mwingereza mmoja ambaye Kivengere alimchukia sana. Zama hizo za ukoloni, chuki ya aina hiyo haikuhitaji maelezo marefu: mzungu alikaa kando, akala kando, akaamrisha. Lakini kijana huyu aliyeokoka alijikuta hana amani. Alichukua baiskeli, akaendesha mwendo wa maili 50 hivi, akabisha hodi kwa mtu huyo na kumwambia waziwazi kwamba alikuwa akimchukia, na kwamba amekuja kuomba radhi. Wawili hao waliishia kulia na kusali pamoja sebuleni.

Kisa hiki kinaeleza kwa nini uamsho huo ulienea upesi katika nchi zilizotawaliwa. Ulimruhusu Mwafrika kumwambia mzungu ukweli usoni, na ukamlazimu mzungu kuungama mbele ya Mwafrika. Watu waliokuwa wakisali kanisa moja na kula meza mbalimbali walianza kuketi pamoja, wakanywa chai ya birika moja. Katika jamii ambamo nani anakula na nani ni swali zito la heshima, meza hiyo ilikuwa mahubiri tosha.

Kenya nayo iliguswa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ndugu wa uamsho walifanya makongamano makubwa katika nchi ya Wakikuyu, mojawapo likiwa la Kabete mwaka 1949, mwendo mfupi tu kutoka mahali ambapo leo pamesongamana vyumba vya Kawangware. Miaka michache baadaye, wakati wa Hali ya Hatari, wengi wa ndugu hao walikataa kula kiapo cha Mau Mau na pia wakakataa kubeba bunduki za serikali, na wako waliouawa kwa ajili ya msimamo huo. Kivengere alikulia katika udugu huu uliovuka mipaka ya makabila na ya nchi, na ndio uliompa masikio ya kusikilizwa Kenya kama mtu wa nyumbani.

MERA NA JIKO LAKE

Mwaka 1943 Kivengere alifunga ndoa na Mera, mwanamke wa uamsho kama yeye, na Mungu akawajalia mabinti wanne. Miaka michache baadaye familia ilihamia Dodoma, Tanganyika, ambako Kivengere alifundisha katika shule ya sekondari ya Alliance hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1950. Waliiacha nchi ya vilima, maziwa na ndizi, wakaingia nchi kavu ya Wagogo, nchi ya ugali wa uwele na mlenda. Hakuna aliyezoea wakati huo kumwona mmishonari mweusi. Kivengere alifundisha siku za shule, na siku za mapumziko akazunguka kuhubiri. Ni katika miaka hiyo ya Dodoma Kiswahili kilipomwingia hadi kwenye mifupa, kiasi cha kuaminiwa baadaye kumtafsiria Graham.

Lakini nyumba ya mhubiri ni nyumba kama nyingine. Kivengere mwenyewe alizoea kusimulia, katika nchi nyingi alizozuru, kisa cha siku alipogombana na mkewe muda mfupi kabla ya kwenda kuhubiri. Walikuwa hawaelewani, na muda wa ibada ulikuwa umewadia. Alichukua Biblia yake akatoka. Njiani akajisikia kama anayeamrishwa arudi akasali na mkewe. Alijitetea kwamba watu wanamngoja, na kwamba mambo ya nyumbani angeyashughulikia akirudi. Jibu alilohisi moyoni ni kwamba yeye aendelee na safari yake ya kuhubiri, na Roho Mtakatifu atabaki jikoni na Mera.

Mhubiri alishikwa na hofu. Aliona picha ya mimbari isiyo na Mungu na jiko lenye Mungu. Akageuka, akarudi mbio jikoni, akapiga magoti akamwomba mkewe msamaha, na ndipo akaenda kanisani. Wasikilizaji walikuwa wakicheka kisa hicho kikisimuliwa, kisha wakanyamaza, maana kila mume alijua jiko lake. Kwa hesabu ya Kivengere, neno lililonenwa mbele ya maelfu lilipimwa uzito wake mbele ya mtu mmoja aliyekuwa akipika.

SAFARI ZISIZOKWISHA

Kutoka Dodoma njia zilifunguka. Mwaka 1959 alizunguka Australia pamoja na Yohana Omari, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Anglikana katika Tanganyika, akizungumza makanisani na pia kukutana na wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Mwaka uliofuata ndio alipokuwa mkalimani wa Graham. Baada ya hapo mialiko haikukoma, na alifika Ulaya, Amerika na Asia.

Alivuka bahari kwenda kusomea theolojia katika chuo cha Pittsburgh, Marekani, akahitimu mwaka 1967 na kupewa daraja takatifu akiwa karibu na umri wa miaka 50. Muda si mrefu alishirikiana na Michael Cassidy, mzungu wa Afrika Kusini aliyekuwa ameanzisha shirika la uinjilisti la African Enterprise, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kivengere akaunda tawi lake la Afrika Mashariki. Wakati serikali ya Pretoria ikiwatenganisha watu kwa sheria hata kwenye viti vya bustani, mtu mweusi na mtu mweupe hawa wawili walisafiri pamoja na kuhubiri kwenye jukwaa moja. Mwaka 1974 alikuwa miongoni mwa wasemaji wa kongamano la dunia la uinjilisti lililofanyika Lausanne, Uswisi.

Maisha ya safari yana gharama yake. Mera alibaki na watoto na wageni kwa majuma mengi, na nyumba za watu wa uamsho hazikukosa wageni. Kila safari ya mume ilikuwa sufuria ya ziada kwa mke, kwa kuwa wenye shida hawakuulizia kama askofu yuko ndipo wabishe. Heshima aliyopewa Kivengere ng'ambo ilitegemea mlango uliobaki wazi huku nyumbani.

UWANJA WA KABALE

Desemba 1972 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Kigezi, makao yake yakiwa Kabale. Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka karibu miaka miwili kabla ya hapo, na katika mwaka huo huo wa 1972 alikuwa amewafukuza Waasia. Watu walikuwa wakitoweka.

Tarehe 10 Februari 1973 wanaume watatu waliletwa kwenye uwanja wa Kabale ili wapigwe risasi hadharani, wakituhumiwa kushirikiana na waasi. Watu waliamriwa kufika kutazama. Askofu mpya aliomba ruhusa ya kusema nao, akakubaliwa. Aliwakaribia kwa nyuma, asijue la kuwaambia watu ambao dakika zao zilikuwa zikihesabika. Walipogeuka, alikuta nyuso zenye utulivu. Mmoja wao alimshukuru kwa kufika, akasema kwamba alikuwa amempokea Kristo gerezani na akamwomba apeleke habari hiyo kwa familia yake. Wenzake nao walisema kama yeye.

Kivengere alikuwa amejiandaa kuwahubiria, na sasa hapakuwa na haja. Aliona kwamba kazi aliyobakiziwa ilikuwa ile ile aliyoifanya Moshi, ya ukalimani. Aliwageukia askari waliokuwa na bunduki, akawatafsiria maneno ya watu hao kwa lugha waliyoielewa. Askari walipigwa na butwaa. Wafungwa walipunga mikono iliyofungwa pingu kuwaaga watu, na risasi zikalia. Katika maisha yake yote ya kunena, huenda hakuna tafsiri aliyoifanya iliyokuwa nzito kuliko hiyo.

NAIROBI, DESEMBA 1976

Mwishoni mwa mwaka 1976, katika Jumba la Mikutano la Kenyatta jijini Nairobi, Kivengere alikuwa miongoni mwa walioongoza kongamano lililowakutanisha viongozi wa Kikristo kutoka nchi nyingi za Afrika. Weusi na weupe wa Afrika Kusini walikaa humo pamoja, miezi michache tu baada ya polisi kuwaua watoto wa shule wa Soweto. Wakenya nao walikuwa na kidonda chao kibichi, kwani Februari mwaka huo Amin alikuwa amedai kuwa sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni mali ya Uganda. Mji uliokuwa ukimkasirikia Amin ulimpokea raia wa Amin aliyekuja kuzungumzia upatanisho.

Aliporudi kwao, mambo yalikwenda haraka. Tarehe 30 Januari 1977 alihubiri katika ibada ya kumweka wakfu askofu mpya huko Ankole. Mbele ya umati uliokuwa na maofisa wa serikali, alisema kuhusu thamani ya uhai na akawauliza wenye mamlaka wameyatumia namna gani madaraka waliyokabidhiwa. Siku chache baadaye askari waliivamia nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum. Maaskofu waliandika barua ya kulalamika kwa rais.

Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala na kusimamishwa mbele ya wanajeshi, silaha zilizodaiwa kuwa za waasi zikiwa zimepangwa mbele yao. Wengine waliruhusiwa kwenda. Luwum akabakizwa. Kivengere na wenzake walitaka kumngoja kiongozi wao, wakafukuzwa. Kesho yake redio ya serikali ilitangaza kwamba askofu mkuu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyeamini.

Jina la Kivengere lilisemekana kuwa linalofuata. Waumini walimsihi akimbie, wakimwambia kwamba askofu mmoja aliyeuawa anatosha. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Februari, yeye na Mera walikwenda kwa gari hadi barabara ilipokomea, kisha wakaanza kupanda milima kwa miguu gizani. Mwanamume huyo alikuwa na umri wa miaka 57 hivi, na mkewe ubavuni pake. Alfajiri walikuwa upande wa Rwanda.

KITABU KILICHOWAKERA WATU

Mgeni wa heshima wa majukwaa ya dunia sasa alikuwa mkimbizi. Alialikwa kila mahali aeleze yaliyotokea Uganda, na aliyaeleza. Ila kadiri alivyosimulia, ndivyo alivyoona kitu kikikua ndani yake. Alikuwa anamchukia Amin, na chuki hiyo ilikuwa inamfuata kutoka mkutano hadi mkutano, ikimpora furaha na kuyachachusha maneno yake.

Siku ya Ijumaa Kuu mwaka huo wa 1977 aliketi katika kanisa moja la London, akisikiliza masimulizi ya mateso ya Kristo. Neno la msamaha kwa waliokuwa wakipigilia misumari lilimchoma. Alijiuliza kama Amin angekuwa mmoja wa askari wale, je, msamaha ule ungemruka? Hakupata jibu la kumwokoa. Alitoka kanisani akiwa amemsamehe, kwa moyo uliokuwa bado unauma.

Mwaka huo huo alitoa kitabu kidogo kilichoitwa I Love Idi Amin, yaani Nampenda Idi Amin. Jina hilo peke yake liliwashtua watu. Mjane ambaye mumewe alitupwa mtoni angelisoma kwa moyo gani? Wako waliouona upendo huo kuwa anasa ya mtu aliyekwisha kuvuka mpaka. Swali hilo ni la haki, na Kivengere hakulikwepa. Alipoulizwa angefanya nini kama angekabidhiwa bunduki na Amin ameketi mbele yake, alisema kwamba angempa Amin hiyo bunduki, kwa kuwa hiyo ni silaha ya Amin, na silaha yake yeye ni upendo.

Ni vizuri kuangalia alichokifanya na kile alichokiacha. Hakusema kwamba mauaji hayakutokea. Hakuwaomba walioonewa wanyamaze. Alizunguka dunia akiyataja mauaji kwa majina na tarehe, na kitabu chenyewe ni ushahidi dhidi ya utawala ule. Kwake, kusamehe kulikuwa kukataa kumruhusu dhalimu aishi ndani ya kifua cha aliyedhulumiwa, na kazi ya kusema ukweli ilibaki pale pale.

Msamaha wake pia ulikuwa na mikono. Nairobi ya miaka hiyo ilijaa Waganda: wahadhiri, madaktari, walimu na wanafunzi waliokatiziwa masomo. Wengi walifundisha katika shule za Kenya, na wako Wakenya wa makamo leo waliofunzwa hesabu na Kiingereza na wakimbizi hao. Wengine hawakuwa na kazi wala karatasi. Kivengere na wenzake walianzisha mpango wa kuwasaidia wakimbizi hao kwa chakula, makazi na karo, ili vijana wamalize masomo na wawe tayari kuijenga nchi siku watakaporudi. Fedha nyingi za kazi hiyo zilitokana na hotuba zake za ng'ambo. Ukimbizi haukumfanya anyamaze, na kunena hakukumfanya asahau sahani ya mwenzake.

KURUDI NA KUONDOKA

Amin aliangushwa Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda, na mwaka huo Kivengere akarejea Kigezi. Alikuta nchi iliyoporwa na watu waliojaa hamu ya kulipiza kisasi. Yaliyofuata katika miaka ya 1980 yaliwavunja moyo wengi, kwa kuwa vita na mauaji yaliendelea chini ya watawala wengine. Alitumia miaka yake iliyobaki kuhimiza upatanisho na kulijenga upya kanisa lake. Mwaka 1983 alitoa kitabu kingine, Revolutionary Love. Mwishoni mwa mwaka huo aliwapa wanawake watatu daraja la ukasisi, hatua ambayo makanisa mengi ya Anglikana duniani, likiwemo la Uingereza, yalikuwa bado hayajathubutu kuichukua. Kwa mtu aliyeamini kwamba Mungu angeweza kubaki jikoni na mwanamke huku mwanamume akienda mimbarini mtupu, huenda uamuzi huo haukuwa mgumu.

Ugonjwa wa saratani ya damu ulimpata akiwa bado na ratiba ya safari. Aliletwa kutibiwa Nairobi, na hapa akakata roho akiwa na umri wa karibu miaka 69. Mwili wake ulirudishwa Kabale, ukazikwa katika vilima alikoanzia kazi. Shule ya sekondari ya wasichana ya Muyebe, karibu na Kabale, inaitwa kwa jina lake.

SOMO KWA MITAA YETU

Reli inayopita katikati ya Kibera ndiyo reli ya kwenda Uganda. Mapema mwaka 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, vijana waliing'oa kwa mikono. Zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha nchini katika majuma hayo, na katika Kibera na Kawangware majirani waliokuwa wakiazimana chumvi walichomeana nyumba. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio wa urais, Kawangware ilishuhudia tena makundi ya kikabila yakikabiliana. Kila mara ghasia zilipotulia, zilifuata hotuba za amani, na wageni waliletwa kuzungumza.

Hotuba hizo hazina ubaya. Lakini maisha ya Kivengere yanauliza swali ambalo haliishi jukwaani: anayezungumza juu ya amani amekwisha kubisha hodi kwa nani? Yeye aliendesha baiskeli maili 50 kumfuata mtu mmoja. Alirudi jikoni kwa ajili ya mtu mmoja. Alipambana na nafsi yake kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hakuwahi kumwomba radhi, na ambaye alikufa uhamishoni Saudi Arabia mwaka 2003 bila kufikishwa mahakamani.

Hapo ndipo somo lake linapokuwa gumu, na ni haki kulisema hivyo. Aliyechomewa kibanda chake ana haki ya kudai sheria ifuate mkondo wake, na hakuna askofu anayeweza kumwondolea haki hiyo. Kivengere hakujaribu. Alichokionyesha ni kwamba mtu anaweza kuidai haki hiyo kwa sauti kubwa huku akikataa kulishwa na chuki, na kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika kifua kimoja, japo kwa maumivu.

Katika vyumba vya mabati vinavyopakana ukuta kwa ukuta, ambako harufu ya sukuma wiki ya jirani huingia bila kubisha, jambo hilo si la kitabuni. Mtu humsikia mwenzake akikohoa usiku na asubuhi hukutana naye kwenye foleni ya maji. Mwendo wa kumfikia haufiki maili 50. Ni hatua tatu au nne, na kwa waliowahi kuzitembea baada ya mwaka 2008, ndizo hatua ndefu kuliko zote.